Keki ya presha kuka ugenini: liogope neno "kama kawaida"

Kabla hujapima unga, nenda kachukue mfuniko wa presha kuka yako, ugeuze, utazame kwa ndani. Unauona mkanda wa mpira unaozunguka ukingo? Utoe. Halafu juu ya mfuniko kuna kile kidude kizito kinachopiga filimbi. Nacho kitoe, ukiweke kwenye droo pamoja na huo mpira, na droo uifunge. Mimi sikuvitoa, ndiyo maana leo naandika.

Nilikuwa nimepanga chumba chenye jiko la sahani mbili, oveni hakuna. Binti yangu anatimiza miaka sita na amenisisitizia kwamba keki ya kununua haitaki, anataka ya mama. Nikampigia mama mdogo, fundi wa keki wa ukoo mzima, ambaye hajawahi kumiliki oveni maishani mwake. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, usihangaike. Tia chumvi chini, weka bati lako, funika presha kuka kama kawaida, dakika arobaini, basi." Nikausikiliza mara tatu. Nikafunika kama kawaida.

Kwangu mimi kawaida ni mpira ndani, filimbi juu, mfuniko umekazwa mpaka umeitika. Dakika ya ishirini filimbi ikaanza kutetemeka. Nikajiuliza mvuke unatoka wapi na maji sikutia. Dakika chache baadaye harufu ikabadilika, kutoka vanila ikawa tairi. Kisha king'ora cha moshi cha chumbani kikalia, kikaamsha cha kwenye ngazi, na jengo zima likatoka nje.

Sasa elewa kwa nini. Presha kuka imeundwa ifanye kazi na maji. Ukiifunga, mvuke hauna pa kutokea, shinikizo linapanda, na maji yanachemkia kwenye nyuzi 121 hivi badala ya 100. Kwa nyama ngumu hilo ni jambo la heri. Keki haitaki hivyo. Keki inataka joto kavu la nyuzi 175 hadi 180. Ukiifunga na maji, hutafika huko hata ukeshe. Ukiifunga bila maji, hakuna cha kulizuia joto la chini, linapanda tu, na mpira ndio unaoanza kuumia. Na usijidanganye kama nilivyojidanganya mimi, kwamba bila maji hakuna presha. Mayai manne, maziwa na siagi vina maji ya kutosha kutengeneza mvuke wake wenyewe. Juu ya hayo, keki ikiumuka ikagusa mfuniko inaweza kuziba kile kitundu cha kutolea mvuke. Hapo umejitengenezea kitu ambacho sitaki hata kukitaja mbele ya mtoto.

Kwa hiyo narudia: mpira nje, filimbi nje. Presha kuka ukishainyang'anya presha inabaki sufuria nzito yenye mfuniko mzuri, na hicho ndicho unachokihitaji.

Ikiwa umesoma hapa umeshachelewa na kitu kiko jikoni kinafuka, zima jiko, fungua dirisha, kaa mbali. Usilazimishe mfuniko. Usiimwagie maji ya baridi, maana chuma kilichopata moto kupita kiasi hupindika na mvuke utakaoruka utakuchoma mikono. Iache ipoe yenyewe, hata kama ni saa nzima na majirani wanakutazama.

Tukio lile lilinifanya nisome historia ya hiki chombo. Aliyekibuni ni Denis Papin, Mfaransa wa madhehebu ya Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, aliyekionyesha London mwaka 1679. Naye alikuwa mgeni kama sisi. Mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa alipofuta haki za watu wa dini yake, kurudi nyumbani kukawa hakuna. Na mtu huyo ndiye aliyetia vali ya usalama kwenye chombo chake, kwa sababu alijua mvuke uliofungiwa hauna urafiki na mtu. Mimi, zaidi ya miaka mia tatu baadaye, nilikuwa naona ile vali ni pambo.

Njia yenyewe ni fupi. Tandaza chumvi ya mawe vikombe viwili hivi chini ya sufuria, weka kigoda cha waya juu yake, funika na mfuniko usio na mpira wala filimbi, pasha moto wa wastani dakika kumi. Rojo la keki liwe nusu ya bati, wala lisizidi, na bati libakize nafasi ya kidole pande zote ili hewa ya moto izunguke. Ingiza, punguza moto mpaka mdogo kabisa, subiri dakika 40 hadi 50. Usifunue kabla ya dakika 30. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu, imeiva. Juu itabaki na weupe kidogo kwa kuwa moto unatoka chini, ipake krimu wala hakuna atakayeuliza.

Ukimaliza, chumvi ikipoa imwage. Usiilaze kwenye sufuria ya alumini, ikipata unyevu itaichimba sufuria vitundu vitundu.

Niseme na hili bila kuficha: watengenezaji wengi huandika wazi kwamba chombo chao kisipashwe moto kikiwa kikavu. Kwa hiyo usitumie presha kuka mpya wala unayoitegemea. Tafuta kuukuu yenye kitako kinene, iteue iwe ya keki, na ikishakuwa ya keki isirudishwe tena kwenye kazi ya presha. Na isiwe ile yenye utando mweusi wa kuzuia chakula kushika. Utando ule ukipita nyuzi 260 hivi huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya. Ukiwa na kasuku ndani ya nyumba, moshi huo unaweza kumuua.

Kuna wanaokuja na sufuria ya alumini sandukuni, wamebembelezana na watu wa uwanja wa ndege juu ya uzito, wanafika wanakuta nyumba ya kupanga ina jiko la indaksheni, lile linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku. Jiko hilo halitaitambua alumini, litakupigia mlio tu. Kabla hujabeba, chukua sumaku ya friji uigusishe kwenye kitako. Isiponasa, iache nyumbani.

Mtego wa pili ni presha kuka za umeme, na hapa ndipo ndugu zetu wanapotumaliza kwa video wanazosambaza. Zile za umeme kila kitu kimegeuzwa. Mpira haung'olewi. Maji hayakosekani: angalau kikombe kimoja chini, bati juu ya kigoda, limefunikwa kwa karatasi ya foili lisidondokewe na mvuke. Ukiiwasha kavu, kihisi chake kitagundua joto la chini limezidi, itagoma na kukuandikia kosa kwenye kioo. Utakachopata humo ni keki ya mvuke, laini na nzito, isiyokuwa na rangi ya kahawia kwa sababu rangi hiyo inahitaji joto la kuanzia nyuzi 140 hivi na humo haifiki. Si mbaya, ila usiitarajie iwe ile nyingine. Ikiisha, usiachie mvuke kwa mkupuo. Viputo vya hewa vilivyobanwa na presha vitavimba ghafla na keki itapasuka, kisha itanywea. Subiri ijipunguze.

Ukichanganya maelezo ya hii na ile, umekwisha. Ya jikoni: mpira nje, maji hakuna. Ya umeme: mpira ndani, maji lazima. Video isiyokuambia ni ipi kati ya hizo, ifute, hata kama imetumwa na kaka yako mkubwa.

Na ya umeme uliyoletewa kutoka nyumbani, soma volti zake. Kifaa cha volti 240 ukikichomeka Marekani kwenye 120 kinapata robo tu ya nguvu yake, utasubiri keki mpaka ualikwe mazishini.

Turudi uani. Nilikuwa nimeishi jengo lile mwaka na nusu bila mtu kuniambia hata habari za asubuhi. Siku ile niliwajua wote, wamevaa ndara, mmoja amembeba paka. Sikuwaona wabaya. Mama mmoja alinifunika koti. Nilichojifunza ni kwamba watu wa huku hawana pa kuanzia; sisi tunaanzia kwenye kuomba chumvi, wao wanasubiri king'ora. Ila usidhani aliyekufunika koti hatalalamika kwa maandishi. Koti ni lake, malalamiko ni ya jengo, na yeye haoni kinachogongana hapo.

Mwenye nyumba hakunigombeza. Laiti angenigombeza tungeyamaliza. Aliandika barua. Dari imeshika moshi, itapakwa rangi, gharama itatolewa kwenye amana. Akanukuu kifungu cha mkataba kuhusu vyombo vya kupikia kutumiwa kama yalivyo maelezo ya mtengenezaji. Kijitabu cha presha kuka kilikuwa na lugha zaidi ya kumi, ya kwetu haimo, na mimi nilikuwa nimekitumia kuegemeza mguu wa meza. Kwa hiyo: piga picha dari ya jikoni siku unayokabidhiwa funguo. Ile yangu ilikuwa na doa tangu mwanzo, lakini sikuwa na ushahidi. Na kile king'ora usikivishe mfuko wa plastiki, kama nilivyoshauriwa na mwenzetu mmoja "siku za kupika". Ukikutwa nacho hivyo mkataba unaweza kuvunjika, na hiyo ndiyo hasara ndogo.

Mama mdogo nilimnunia wiki mbili. Halafu siku moja tukapigiana simu ya video, nikamwomba, kwa heshima zote, anionyeshe presha kuka yake. Akaileta, akageuza mfuniko. Hamna mpira. Uliharibika miaka mingi iliyopita, hakuupata mwingine, na filimbi waliichezea watoto ikapotea. Kwake yeye kawaida ndiyo hiyo.

"Kumbe yako ina mpira?" akaniuliza, kwa wivu kabisa.

Sasa ananiomba nimtumie mmoja, ingawa nimemwambia ya keki isirudishwe kwenye presha. Nimeshapima ukingo naye kwa rula mbele ya kamera, sentimita 22, na mpira uko kwenye bahasha. Juu ya bahasha nimeandika kwa kalamu nene: siku ya keki, utoe.