Mnataka mtoto? Anzieni maabara, miezi mitatu kabla ya kutoa kitanzi

Mjini Tanga kila kinachowasha kimepewa jina moja: UTI sugu. Mwanamke anaungua akikojoa, duka la dawa wanampa dozi. Mwezi ujao anarudi, anapewa nyingine kali zaidi, na mumewe hajaulizwa hata swali moja. Siku wakitafuta mtoto, mirija imeshaziba, maana huenda kumbe ulikuwa ugonjwa wa zinaa. Utaratibu wa hapa chini ni wa watu wawili, na mkiruka hatua mnajikuta mmerudi mwanzo.

Kwa nini miezi mitatu? VVU na kaswende vinaweza kukwepa kipimo kwa muda wa hadi miezi mitatu tangu mtu aambukizwe. Mbegu za mwanamume nazo huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya leo inaweza kuziharibu mbegu za miezi miwili ijayo.

Hatua ya 1: Kondomu kwanza, kitanzi kibaki

Msitoe kitanzi wala vijiti kabla majibu hayajatoka. Tumieni kondomu juu yake, maana kitanzi kinazuia mimba tu, kisonono hakikijui. Anayetumia sindano ya miezi mitatu ana hesabu yake: uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi, kwa wastani miezi kama kumi tangu sindano ya mwisho. Huyo aache sindano mapema, abaki na kondomu wakati vipimo vinaendelea.

Hatua ya 2: Damu, wote wawili, siku moja

Ombeni VVU, kaswende na homa ya ini B. Zahanati nyingi huwa na kipimo cha haraka cha VVU na cha kaswende. Cha homa ya ini mnaweza kuelekezwa kituo kikubwa zaidi. Kama mmoja ametoka dago (kambi ya wavuvi mbali na nyumbani) au safari ndefu na kuna wasiwasi wowote, rudieni baada ya miezi mitatu hata kama majibu ya kwanza ni safi.

Kaswende ina mtego. Kipimo cha haraka kikishaonyesha mistari miwili, kwa walio wengi kitaendelea kuionyesha maisha yote, hata baada ya kupona. Kinachopima maendeleo ni kipimo kingine cha damu, RPR yenye namba: ikianza 1:32, ndani ya miezi 6 hadi 12 inatakiwa ishuke mpaka 1:8 au chini yake. Namba ya kwanza iandikwe kwenye daftari lenu. Bila hiyo, mhudumu wa kliniki ya wajawazito hatajua kama anaona kovu la zamani au ugonjwa mpya, na mtachomwa upya.

Tiba ni benzathine penisilini, yuniti milioni 2.4, ambayo kwa kawaida hugawanywa nusu kila tako. Ugonjwa mchanga hutosheka na siku moja. Uliokaa zaidi ya miaka miwili, au usiojulikana ulianza lini, huchomwa mara moja kwa wiki kwa wiki tatu. Zikipita zaidi ya siku 14 kati ya sindano na sindano, mnaanza upya. Usiku ule wa kwanza homa na kutetemeka vinaweza kuja, kwa sababu vijidudu vinakufa kwa wingi. Panado inatosha. Upele unaovimba, midomo kuvimba au pumzi kubana ni mzio, na huo hujitokeza mapema, ndiyo maana unaombwa ukae benchi nusu saa kabla ya kuondoka. Usiwahi daladala.

VVU ikionekana kwa mmoja, mpango wa mtoto haufi, unasogea mbele. Mwenye virusi anaanza ARV na anasubiri mpaka kipimo cha wingi wa virusi kionyeshe havionekani. Cha kwanza hupimwa miezi sita baada ya kuanza ARV. Akifika hapo na akaendelea kumeza vizuri, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Kabla ya hapo asiye na virusi azungumze na kituo kuhusu PrEP, vidonge vya kumkinga. Mama mwenye virusi haachi ARV akishika mimba.

Homa ya ini B ikikosekana, chanjeni: dozi tatu, mwezi wa 0, wa 1 na wa 6. Hamna haja ya kungoja mmalize, ni salama hata mimba ikiingia katikati. Ikipatikana kwa mama, mtoto anahitaji chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kungoja chanjo ya kawaida ya wiki ya 6 (pentavalenti) kwa mtoto huyu ni kuchelewa, kwa hiyo mzungumze mapema na hospitali mtakayojifungulia.

Hatua ya 3: Mkojo na ute

Hapa ndipo UTI sugu inapovuliwa nguo. Kwenye karatasi ya majibu tafuteni vitu viwili: chembe za usaha na naitraiti (kemikali inayotengenezwa na bakteria wengi wa UTI). Usaha mwingi, naitraiti hakuna, na mkojo uliooteshwa haukuota kitu: fikirieni magonjwa ya zinaa, klamidia au kisonono, kabla ya kununua dozi ya nne ya UTI. Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote.

Mkojo wa UTI ni wa katikati, ule wa mwanzo unamwagwa. Wa klamidia ni kinyume chake: mnachukua mililita 10 hadi 20 za mwanzo kabisa, na usiwe umekojoa kwa saa moja au mbili kabla. Ukikosea kikopo, ugonjwa upo na majibu yanasema haupo.

Kwa mwanamke anayechukuliwa ute: usiende ukiwa kwenye siku zako, na siku mbili kabla usiingize chochote ukeni. Shabu, liwa na maji ya majani, mafunzo ya somo na kungwi, yawekwe kando kabisa, siyo kwa siku mbili tu. Yanakausha, yanachubua, na kuua bakteria wazuri wanaozuia wabaya. Udi fukizieni nguo na chumba tu. Siku hiyohiyo ombeni uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi. Ule wa kupaka siki ni wa dakika chache na ni rahisi zaidi kabla ya mimba.

Zahanati nyingi hazina kipimo cha klamidia. Mtaalamu atawatibu kwa dalili, na hilo ni sahihi, mradi awatibu wote wawili.

Hatua ya 4: Dozi ileile, wawili, wakati mmoja

Klamidia hutibiwa kwa doksisaiklini miligramu 100, mara mbili kwa siku, siku 7. Pimeni mimba kwanza. Ikiwa ipo, mwambieni mtaalamu, atabadilisha, kwa kawaida azithromaisini gramu 1 mara moja. Doksisaiklini imezwe na maji glasi nzima, baada ya kula, na usilale kwa nusu saa, la sivyo kifua kitawaka. Usiimeze pamoja na maziwa, mtindi wala Fefo (vidonge vya madini ya chuma na foliki): madini yake yanaishika dawa tumboni isiingie kwenye damu. Tanga mtindi uko kila kona, kwa hiyo utahitaji kujizuia wiki moja.

Kosa kubwa liko kwenye kalenda. Mke anamaliza Jumatatu, mume yuko baharini, anarudi Ijumaa na kuanza zake; wakikutana Jumamosi, mke ameambukizwa tena. Hesabuni siku saba kuanzia siku aliyemaliza mwisho alipomaliza. Baada ya miezi mitatu, rudieni kipimo.

Hatua ya 5: Foliki kabla ya mimba

Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi bado wanadhani hedhi imechelewa tu. Ukianza kliniki mwezi wa tatu wa mimba, dirisha la kuzuia mgongo wazi limeshapita. Meza foliki (vitamini B9) mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla, mpaka wiki ya 12 ya mimba.

Hatua ya 6: Toeni kitanzi, hesabuni siku

Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo na huishi saa 12 hadi 24. Mbegu huweza kungoja hadi siku tano. Kutaneni kila baada ya siku moja au mbili katika wiki hiyo.

Mwaka ukipita bila mimba, nendeni hospitali. Kama mwanamke amevuka miaka 35 au aliwahi kuugua PID (maambukizi ya mji wa mimba na mirija), msingoje zaidi ya miezi sita; kipimo cha mirija hufanyika hedhi ikishakwisha na kabla yai halijatoka. Mume apime mbegu kwanza, maana ni rahisi kuliko vyote: ajizuie siku 2 hadi 7, asizidishe.

Hatua ya 7: Hedhi ikikosekana

Aliyewahi kuugua PID afanye altrasaundi wiki ya 6 au ya 7 aone mimba iko ndani ya mji wa mimba. Kovu kwenye mrija linaweza kuikamata njiani. Maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo, maumivu ya ncha ya bega, au kizunguzungu cha ghafla: nendeni hospitali usiku huohuo, msingoje kupambazuke.