Jinsi ya kulinda na kusajili hakimiliki ya picha zako za droni ukiwa Kigoma

Kiangazi kikiingia na wageni wakaanza kuteremka kwenda hifadhi za Gombe na Mahale, simu za wapiga picha wa droni hapa Kigoma huanza kuita. Hoteli inataka picha za ufukwe, mradi wa maji unataka video ya tenki jipya, mwenye boti anataka chombo chake kionekane kutoka juu kikikata maji ya Ziwa Tanganyika. Bei inakubaliwa kwa simu, kazi inatumwa kwa WhatsApp, pesa inaingia. Nani mwenye picha? Hilo halikuulizwa. Linakuja kuulizwa siku picha ile ile inapoonekana kwenye kalenda ya kampuni nyingine kabisa, na mteja anakujibu bila hata ubaya: "Si nilikulipa, kaka?"

Amekulipa kweli. Alichonunua ndicho hakikuandikwa popote.

Mwongozo huu ni kwa mpiga picha wa kujitegemea, anayeitwa kazi moja moja. Nimeuanza na mkataba makusudi kabla ya kufika kwenye usajili, kwa sababu fomu ya Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, itakuuliza mmiliki wa kazi ni nani. Kama ulishaziachia haki zote kwenye karatasi uliyoisaini haraka haraka, huna cha kusajili kwa jina lako kama mmiliki.

Mambo ya kujua kabla ya kuanza

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inazitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na mwenye haki wa kwanza ni mtunzi wa kazi. Ulinzi unaanza pale kazi inapokuwepo. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, na msingi wa mkataba huo ni kwamba hakimiliki haingoji kusajiliwa. Usajili unafanyiwa nini basi? Ni ushahidi. Unakupa hati ya serikali yenye jina lako, jina la kazi na tarehe, na hati hiyo mezani kwa mwanasheria au hakimu ina uzito kuliko maneno "mimi ndiye niliyepiga".

Haki zenyewe ni za namna mbili. Haki za kiuchumi ni za kunakili, kusambaza, kuonyesha kwa umma na kuruhusu wengine wafanye hivyo. Hizi unaweza kuzikodisha au kuziuza. Haki za kimaadili ni za kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi na kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima. Wengi wetu tunabishania pesa tu na kusahau jina, wakati jina ndilo linaloleta kazi inayofuata.

Kumiliki droni hakukufanyi mtunzi. Mara nyingi hapa mjini droni ni ya mtu mmoja, anayerusha ni kijana mwingine, na anayechagua pembe na kubonyeza kitufe cha kamera ni wa tatu. Mtunzi ni yule aliyeitengeneza picha, na wakiwa wawili walioshirikiana, wote wawili wanaweza kudai. Kama umekodi droni ya mwenzako, andikianeni karatasi fupi kwamba yeye analipwa kodi ya chombo na hana dai kwenye picha. Mistari miwili inatosha.

Na kibali cha kurusha ni habari nyingine. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ina kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018, na idhini ya Wizara ya Ulinzi inahitajika. Uwanja wa ndege wa Kigoma uko karibu na makazi, bandari ipo, na Kongo iko ng'ambo tu ya maji, kwa hiyo usirushe kwa mazoea. Ndani ya Gombe na Mahale kuna ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na masharti yake juu ya matumizi ya picha yasome kabla hujamwahidi mteja chochote. Vibali hivyo vinakuruhusu kuruka. Havisemi picha ni ya nani.

Hatua ya kwanza: mkataba kabla ya betri kuchajiwa

Sheria yetu ya mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini makubaliano ya mdomo kuhusu umiliki wa picha ni ugomvi unaosubiri siku yake. Andika. Kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida zinatosha kwa kazi nyingi.

Amua kwanza unatoa nini: ruhusa ya kutumia, au haki zenyewe. Ukitoa ruhusa, unabaki mwenye picha na mteja anaitumia kwa mipaka mliyoandika. Ukihamisha haki, umeuza, na kesho ukitaka kuiweka picha hiyo kwenye maonyesho yako utamwomba yeye. Msimamo wangu ni kwamba mpiga picha wa kujitegemea aanze na ruhusa kila mara, na uhamisho uwe na bei yake tofauti, iliyo juu kwa kuonekana. Mteja akiona bei mbili mezani ndipo anapotambua kuwa kuna vitu viwili.

Kifungu cha ruhusa kinaweza kusomeka hivi:

"Mpiga picha ndiye mmiliki wa hakimiliki ya picha na video zote zitakazotokana na kazi hii, zikiwemo zisizokabidhiwa. Mteja anaruhusiwa kutumia picha 20 zilizoorodheshwa kwenye Kiambatisho A katika tovuti yake, kurasa zake za mitandao ya kijamii na vipeperushi vyake, kwa miaka 2 kuanzia siku malipo yatakapokamilika. Ruhusa hii haihusu mabango ya barabarani, kuuza picha, wala kumpa mtu mwingine azitumie. Jina la mpiga picha litaandikwa popote picha itakapotumika."

Angalia maneno "siku malipo yatakapokamilika". Hayo ndiyo yanayokuokoa na mteja anayelipa advansi, akapokea kila kitu, kisha akaanza kusema hela haijatoka. Asipomaliza kulipa, hana ruhusa. Angalia pia "zikiwemo zisizokabidhiwa": kadi ya kumbukumbu ikijaa kwa asubuhi moja pale Kibirizi, wateja hupokea picha chache tu, na wengine hudai baadaye kuwa hata zilizobaki ni zao. Siku hizi ongeza na mstari kwamba picha zisitumike kufundishia programu za akili mnemba bila idhini yako ya maandishi.

Ukihamisha haki, taja kazi moja moja kwa majina ya faili, taja haki zipi, kwa nchi zipi, kwa muda gani, kwa bei gani, na wote wawili wasaini. Usikubali sentensi ya "kazi zote za sasa na za baadaye". Omba ubaki na ruhusa ya kuonyesha kazi hiyo kama mfano wa kazi zako. Wateja wengi hawakatai.

Kazi za upimaji na ramani ni tofauti kidogo. Droni inapita mistari iliyopangwa na programu, na mteja anahitaji data yote ili afanyie kazi yake. Huko uhamisho kamili ni jambo la kawaida, wewe panga bei inayolingana.

Mikataba mnono zaidi Kigoma mara nyingi hutoka nje, kwa mashirika yanayofanya kazi na wakimbizi kule kambi ya Nyarugusu au kampuni za utalii. Nyingi huja na kifungu cha Kimarekani kinachosema kazi yako ni "kazi ya kuagizwa" (kwa Kiingereza, work made for hire) na kwamba mteja ndiye mtunzi tangu mwanzo. Kifungu hicho kina historia yake. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976, kazi huhesabiwa hivyo kwa njia mbili: imefanywa na mwajiriwa ndani ya majukumu ya ajira yake, au imeagizwa kwa mtu wa kujitegemea, ikawa ndani ya aina 9 zilizotajwa na sheria, na kukawa na maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili. Picha mnato inayosimama yenyewe haimo kwenye aina hizo 9. Video inayoingia kwenye filamu imo, na picha inayotolewa kama mchango kwenye kazi ya mkusanyiko inaweza kuwemo. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza pia jinsi ya kumtofautisha mwajiriwa na mtu wa kujitegemea: inatazamwa nani anaongoza kazi, nani mwenye zana, kazi ni ya muda gani, malipo na kodi vinashughulikiwaje. Mpiga picha mwenye droni yake, aliyeitwa kwa kazi ya siku moja, ni vigumu kumwita mwajiriwa.

Waandishi wa mikataba hiyo wanalijua hilo. Ndiyo maana mstari unaofuata husema kwamba kazi isipohesabika kuwa ya kuagizwa, basi mpiga picha anahamisha haki zote kwa mteja. Mstari huo ndio unaouza picha zako. Usome mara mbili, kisha tazama na kifungu kinachotaja sheria ya nchi gani itatumika na mgogoro utasikilizwa wapi. Ukitaka kubadilisha, jibu kwa upole kwa barua pepe, pendekeza kifungu cha ruhusa pana na upe bei ya kila chaguo. Wengi hukubali kujadiliana, maana mkataba ule ni nakala wanayomtumia kila mtu.

Ukiwa mwajiriwa wa mshahara wa kituo cha habari au kampuni, usijitie kwenye fungu hili. Kazi uliyoifanya kama sehemu ya ajira mwajiri ataidai, na jibu liko kwenye mkataba wako wa ajira. Uusome.

Baada ya kusaini, peleka mkataba TRA ulipie ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe, na siku hiyo hutakuwa na muda wa kukimbizana.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi

Tunza faili ghafi kama zilivyotoka kwenye kadi, bila kuzibadilisha majina wala kuzipitisha WhatsApp, kwani WhatsApp hupunguza ubora na kufuta taarifa za ndani ya picha: tarehe, saa, aina ya kamera, mahali droni ilipokuwa. Tunza pia kumbukumbu za mruko kutoka kwenye programu ya droni. Mtu anayedai kuwa yeye ndiye aliyepiga mitumbwi ya dagaa ikirudi Katonga alfajiri hatakuwa na mstari wa mruko ule. Weka nakala sehemu mbili, mojawapo nje ya nyumba yako. Ujumbe na barua pepe za makubaliano usifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani.

Hatua ya tatu: usajili COSOTA

Huhitaji kupanda treni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam ili kuanza. Ingia tovuti ya COSOTA uangalie utaratibu na ada zinazotumika wakati huo, au anzia kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa ya Kigoma Ujiji akuelekeze. Usiende BRELA kwa jambo hili: wao wanasajili majina ya biashara, kampuni na alama za biashara. Nembo yako ipeleke huko, picha zako zilete COSOTA.

Andaa kitambulisho cha NIDA, picha ndogo za pasipoti, nakala za kazi zenyewe, na mkataba wowote unaogusa umiliki. Unayesajili kwa jina la kampuni, weka na cheti cha kampuni pamoja na karatasi inayoonyesha mtunzi alivyoihamishia haki.

Faili ghafi ziache na majina yake, lakini kwenye fomu picha zipe majina ya kutambulika. "DJI_0047" haimsaidii yeyote. "Bandari ya Kigoma kutoka juu, Julai 2024, namba 3" inasaidia. Kama una picha nyingi za safari moja, uliza kabla ya kulipa iwapo zinaweza kuingia kama mkusanyiko mmoja. Kwenye fomu, sehemu ya mtunzi na sehemu ya mmiliki ni vitu viwili: ukiwa umeuza haki, bado unaandikwa mtunzi. Kama mlipiga wawili, andikeni wote wawili na saini zenu.

Malipo hufanywa kwa kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au kwa simu. Jina la mpokeaji likitokea la mtu binafsi, usilipe. Tunza risiti pamoja na nakala ya fomu.

Hati ikitoka, isome herufi kwa herufi. Jina lifanane na la NIDA, jina la kazi lifanane na uliloandika kwenye fomu, tarehe iwe sahihi. Kosa dogo liombee marekebisho mara moja.

Hati hiyo haigusi haki za watu walioonekana kwenye picha. Sura ya mama anayeanika dagaa, ikitambulika, ni taarifa yake binafsi, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa matangazo, mwombe idhini na aisaini, na umweleze kwa lugha anayoielewa picha inakwenda wapi. Mzee akikuambia "mwanangu, mimi sitaki", picha hiyo iache.

Ukikuta picha yako imetumiwa bila ruhusa

Piga picha ya skrini yenye tarehe na anwani ya ukurasa kabla hujamwandikia mtu, kwa sababu wakishtuka wanafuta. Kama ni bango au kalenda, chukua nakala au ipige ilipobandikwa. Kisha andika barua fupi ya heshima: taja picha, ambatisha hati na ukurasa wa mkataba, sema unataka nini (waondoe, walipe kiasi fulani, au waweke jina) na uwape siku 14. Wakikaa kimya, peleka malalamiko COSOTA ukiwa na vielelezo vyote kwenye bahasha moja, na wakili ukimhitaji, mpe bahasha hiyo hiyo.