Kabla ya kuchambua shairi la arudhi (lenye kufuata kanuni za vina na mizani): mambo ya kuzingatia

Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya), kila swali hubeba alama 20, na kwa saa mbili na nusu mtahiniwa hujibu maswali manne. Ukigawa, swali la ushairi halifikii hata dakika 38. Atakayeanza kujiuliza humo ndani ukwapi ni upi na utao ni upi atakuwa amechelewa, kwa hiyo istilahi ziwe kichwani mapema: kipande cha kwanza cha mshororo (mstari wa shairi) ni ukwapi, cha pili utao, cha tatu mwandamo, cha nne ukingo.

Kazi kubwa iko kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi, na hapa ndipo wengi huteleza. Chukua mshororo huu:

Mkulima shika jembe, mvua imekaribia

Ukwapi ni m-ku-li-ma-shi-ka-je-mbe, mizani nane. Utao ni mvu-a-i-me-ka-ri-bi-a, nane pia. Tazama kwamba M ya "mkulima" imehesabiwa peke yake ilhali ya "mvua" haikuhesabiwa. Ile ya kwanza ni kiambishi cha ngeli na hutamkwa kama silabi kamili. Ya pili imeshikana na konsonanti inayofuata. Ndiyo maana "mbunge" ni mizani tatu na "mbuzi" ni mbili. Maneno ya mkopo nayo yana mtego wake: "labda" huhesabiwa la-b-da, tatu, na "daktari" nne. Hesabu angalau mishororo mitatu kabla ya kutangaza idadi, maana mmoja unaweza kuwa na kasoro ya uchapaji.

Kina, yaani sauti inayofanana mwishoni mwa vipande, ni silabi, si irabu. Katika mshororo wetu kina cha kati ni "mbe" (siyo "e"), na cha mwisho ni "a" kwa kuwa hiyo ni silabi inayojitegemea. Ukishaandika vina vya kila ubeti pembeni, bahari (aina ya shairi) hujitokeza yenyewe: vya kati na vya mwisho vikibaki vilevile shairi zima, ni mtiririko, upande mmoja ukibaki na mwingine ukibadilika, ni ukara, vyote vikibadilika ubeti hadi ubeti, ni ukaraguni. Idadi ya mishororo ni jambo jingine kabisa. Shairi moja linaweza kuwa tarbia (mishororo minne kwa ubeti) na ukaraguni kwa wakati mmoja, na msuko juu yake kama kibwagizo (mshororo wa mwisho unaorudiwa) ni kifupi kuliko mishororo mingine. Taja zote, kila moja na sababu yake. Jina tupu la bahari halitoshi.

Uhuru wa mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kanuni za lugha, hupimwa kwa kuhesabu. Neno likipungua mizani ("aliyekuja" likawa "alokuja") ni inksari. Likiongezeka ("enda" likawa "enenda") ni mazda. Silabi ikibadilika na mizani zisibadilike ("fikira" ikawa "fikara") ni tabdila. "Nti" kwa maana ya nchi si inksari hata kidogo: mizani ni mbili kote kuwili, na hiyo ni lahaja. "Langu shamba" ni kuboronga sarufi, na sababu yake kwa kawaida iko kwenye kina, basi itaje.

Tamathali zisikuchukulie muda mrefu. Tashbihi, yaani ulinganisho wa wazi, ina kiunganishi: kama, mithili ya, sawa na, au "ja" katika mashairi ya zamani. Kikikosekana, fikiria istiara, yaani ulinganisho wa moja kwa moja. Jazanda ni picha iliyofichwa, ambayo mara nyingi huanzia ubeti wa kwanza na kuendelea. Vitabu havikubaliani sana kuhusu mpaka wa istiara na jazanda; shika maelezo ya kitabu unachotumia darasani na usiyachanganye.

Ukiulizwa nafsineni, jibu ni mtu anayezungumza ndani ya shairi, kwa mfano mzazi au mkulima, pamoja na neno linalomtambulisha. "Mshairi" si jibu. Na ukitakiwa kuandika ubeti kwa lugha ya nathari, ondoa mishororo, rudisha mpangilio wa kawaida wa maneno, yafungue yaliyofupishwa, na usiache hoja hata moja njiani.