Somo: Kuangua mayai ya dome na kulea watoto wake kwenye tangi la nyumbani

Salaam wadau. Picha niliyoweka ya dome wangu mchanga (dome ni jamaa wa ngisi na pweza), mdogo kama punje ya kunde, imeleta maswali mengi kuliko nilivyotegemea, basi nimekaa niyajibu kwa mpangilio. Niko Uingereza, nafuga dome kibete, Sepia bandensis, anayetoka bahari za Indonesia na Ufilipino. Mwili wake bila mikono ni kama sentimita 7 tu, ndiyo maana anafugika sebuleni.

Hatua ya 1: Uduvi

Mlitegemea nianze na tangi. Hapana. Mara ya kwanza nilinunua mayai 12, yakaanguliwa 9, na muuzaji alinihakikishia kwamba artemia wachanga, vile vijidudu vidogo mno vya maji ya chumvi, wanatosha. Nikawalisha hao asubuhi na jioni. Wiki mbili baadaye nilibaki na wawili, wamekonda hadi ngozi imekunjamana. Dome mchanga anataka uduvi hai, anayeogelea mbele ya macho yake. Kama hujapata pa kupata uduvi hai kila wiki kwa miezi miwili, mayai yaache hukohuko dukani.

Hatua ya 2: Tangi

Lita 200 kwenda juu, na liwe limeshaendeshwa na maji ya chumvi kwa miezi kadhaa. Joto nyuzi 25 hadi 26, uzito wa maji ya chumvi ukilinganisha na maji baridi 1.025, amonia na nitraiti (sumu za uchafu wa tangi) sifuri kabisa. Jihadharini na shaba: dawa nyingi za samaki zina shaba, na hiyo kwa dome ni sumu. Ajabu ni kwamba damu yake mwenyewe inabeba hewa kwa shaba, ndiyo maana ni ya buluu.

Hatua ya 3: Mayai

Yanakuja meusi, yameshikana kama kichala, kwa sababu mama huyapaka wino. Wafaransa huyaita mayai ya dome wa kwao zabibu za bahari, na ukiyaona hutabisha. Mfuko uliokuja na mayai uache uelee kwanza, kisha tia maji ya tangi tone kwa tone kwa saa nzima. Ukiyashtua, mtoto hutoka kabla ya siku zake, kiini bado kinaning'inia mdomoni.

Yaweke kwenye kisanduku cha wavu kilichotundikwa ndani ya tangi, maji yapite taratibu. Bomba la hewa lisiwe chini yake. Yai lenye ukungu mweupe litoe mara moja.

Huchukua wiki tatu hadi nne. Yai linavimba, ganda linakonda, na siku za mwisho ukimulika tochi kwa pembeni unamwona mtoto anazunguka humo ndani, macho makubwa, anageuka rangi kutoka nyeupe kuwa kahawia. Mimi hapo huwa silali.

Hatua ya 4: Mwezi wa kwanza

Siku moja au mbili anaweza kususa, bado ana akiba ya kiini. Kisha atakula mara mbili au tatu kwa siku. Uduvi asimzidi urefu. Mtazame: anatulia, anainua mikono miwili ya mbele, anamlenga, halafu ile mikono miwili mirefu inafyatuka, na uduvi hayupo tena. Wabaki kwenye kisanduku ili chakula kisiwapotee. Masalio yanyonye kwa bomba la sindano. Wakilala njaa wataumana.

Hatua ya 5: Chakula cha barafu

Kuanzia wiki ya sita hivi, chomeka kipande cha kamba wa barafu kwenye kijiti chembamba, ukitikise kama kiko hai. Wengine hukubali siku hiyohiyo, wengine wanakutazama tu. Na taa msiwashe ghafla: akishtuka hurudi nyuma kwa kasi na kujigonga kwenye kioo.

MASWALI

Mdau wa Tanga: Kaka, huku tukipandisha madema, mitego yetu ya samaki, tunakuta mayai meupe ya dome yamenata. Niyachukue?

Jibu: Meupe yasiyo na wino yaelekea ni ya dome mkubwa, Sepia pharaonis, na huyo anafika sentimita 40 na kilo 5. Utamweka wapi, ndugu yangu? Rudisha dema majini mayai yakiwa bado yameloa. Ila uduvi wa kwenu nauonea wivu.

Mdau wa Muscat: Tangi langu linafika nyuzi 30 mchana.

Jibu: Mayai yatawahi kuanguliwa, lakini watoto watatoka wadogo, na maji ya moto hayashiki hewa vizuri. Nunua kipoza maji kwanza, mayai baadaye.

Dada wa Toronto: Mmoja ametoa wino, maji yote meusi!

Jibu: Pole, dada. Badilisha theluthi ya maji, tia mkaa mpya wa kuchujia maji kwenye chujio, na umwache atulie. Usimfukuze na kimia, ataongeza.

Mdau wa Mombasa: Wangu anaelea juu kama kizibo, hawezi kuzama.

Jibu: Hewa imezidi ndani ya ule mfupa mweupe ulio mwilini mwake, unaomsaidia kuelea na kuzama. Mara nyingi ni njaa. Mpelekee uduvi hukohuko juu. Wangu watatu waliofika hapo sikuweza kuwaokoa.

Kijana wa Nairobi: Shikamoo mzee, mayai unanunua wapi?

Jibu: Marahaba. Uduvi unao?