Kabla hujaenda jangwani kutafuta vimondo, soma hapa kwanza

Vijana wa Tanga mnaokwenda kwa wajomba Oman, kila baada ya muda kuna mmoja ananiuliza habari za vimondo, kasikia mawe hayo yaliyoanguka toka angani yanauzwa pesa ndefu. Haya, mwenzenu niliwaendesha watu wa chuo wiki mbili kule Jiddat al-Harasis, jangwa la huko Oman, sikilizeni. (Nimezaliwa Ngamiani, ngamia wa kweli nimekuja kuwaona huko.)

Kibali kwanza. Oman kutoa kimondo nje bila ruhusa ni kesi, 2011 kuna Wamarekani wawili walilala jela kwa mambo ya vimondo, na walikuwa wazoefu.

Gari mbili, siyo moja. Spea mbili na pampu, maana kwenye mchanga unapunguza upepo wa matairi, ukitoka unajaza. Maji piga hesabu ya kukutosha halafu zidisha mara mbili. Kofia, hilo mnajua.

Ujue unachotafuta. Kule chini ni mawe ya chokaa meupe, tambarare kama sinia, jiwe jeusi unaliona toka mbali. Kimondo kina ngozi nyembamba nyeusi kama kimeungua, kizito kuliko umbo lake, vingine vina vishimo kama mtu kabonyeza unga kwa dole gumba. Likiwa na matundu matundu ya hewa achana nalo, hayo ndiyo mnayoniletea mkiokota kando ya reli, mavi ya chuma yale, takataka za kuyeyusha chuma! Na sumaku kali usiligusishe, inafuta usumaku wa asili wa jiwe ambao wataalamu wanataka kuupima.

Sasa hili la kuandika mahali ulipoliokota, hapa ndipo nilipoumia. Siku ya nne nikaona jiwe, ukubwa wa andazi, jeusi tii, lina ufa mmoja unaonyesha kijivu ndani. Nikaruka kutoka kwenye gari nikaliokota kwa mkono mtupu nikapiga kelele kama nimeopoa jodari. Mzee wa chuo akaja taratibu, hakuliangalia hata jiwe, akaniuliza, "Lilikuwa limelala wapi?" Nikaonyesha huku, halafu nikaonyesha kule. Akasema piga namba za GPS basi, nikapiga, nikaziweka kwenye simu, simu nikaiacha kwenye dashibodi. Mchana ule ikachemka ikazima, haikuwaka tena mpaka leo, na humo mlikuwa na namba za mawe sita. Kwenye mifuko nilikuwa nimeandika kwa peni, jasho likafuta, 3 na 8 hazijulikani ipi ni ipi. Tukarudi kutafuta alama za matairi, upepo ulishapita. Yale mawe sita yakawekwa pembeni, maana jiwe bila mahali pake hujui kama limeanguka pamoja na lile la jirani au ni tukio jingine kabisa, na hata jina vimondo vya kule hupewa la eneo na namba.

Kwa hiyo: usiguse. Piga picha kwanza likiwa chini, weka rula pembeni, picha nyingine ya mbali. GPS andika kwenye daftari kwa penseli, PENSELI, na kikaratasi chenye namba ndani ya mfuko. Okota kwa foili au glavu safi.

Mengine ni yaleyale, jaza mafuta kila ukikuta kituo, muage mtu umwambie mnarudi lini, angalia chini ya jiwe kabla ya kuingiza mkono, nge wapo, na mwenyeji akikwambia huku hakupitiki usibishane naye, na usiku usiendeshe, ngamia hawana taa.