Kabla ya kununua mche, lijue jua la kwako

Nauza miche kwenye kitalu cha mtaani. Mteja akiingia, kabla sijamwonyesha chochote namuuliza: jua linaingia kwako saa ngapi, linaondoka saa ngapi? Wengi hubaki wananitazama. Basi siku moja kabla ya kuja, chungulia roshani au dirisha lako asubuhi, adhuhuri na alasiri. Nyanya, pilipili na waridi huhitaji jua la moja kwa moja lisilopungua saa 6 kwa siku. Mnanaa huvumilia kivuli cha nusu siku.

Ukifika kitaluni, usivutwe na mche uliochanua kila tawi. Chukua mfupi, wenye shina nene na matumba ambayo bado hayajafunguka. Geuza majani, maana vidukari na inzi weupe hujificha upande wa chini. Kisha mwombe muuzaji autoe kwenye kopo, mwone mizizi pamoja. Mizizi myeupe yenye harufu ya udongo ni mizima. Ikiwa imejizungusha kama uzi kwenye kibiringo, mche umekaa humo muda mrefu mno. Ikiwa ya kahawia na inateleza, urudishe. Mimi mteja akiniomba hivyo nafurahi.

Nyumbani, tumia chungu kilichozidi kopo la awali kwa sentimita 3 hadi 5 tu, na lazima kiwe na matundu chini. Udongo uliochimbwa uani, ukiwa peke yake, hushikamana chunguni na mizizi hukosa hewa. Uchanganye na mboji na mchanga kidogo. Kokoto za chini ziache. Watu huziweka ili maji yatoke upesi, kumbe hukwama kwenye udongo ulio juu yake.

Mzee mmoja aliwahi kunirudishia waridi lililokauka. Alikuwa akilimwagilia asubuhi na jioni, bila kukosa. Mizizi yote ilikuwa imeoza, na iliniuma kwa sababu sikuwa nimemweleza. Tangu siku hiyo kila mteja namwambia: chomeka kidole hadi pingili ya pili, na ukihisi unyevu, usimwagilie.

Mche mgeni utenge na mingine kwa wiki 2. Jani likiharibika, lichume, lifunge kwenye mfuko ili wadudu wasitoke, uniletee. Nikiliona kwa macho nitakusaidia vizuri kuliko ukinielezea kwa simu.