Kabla Hujawapandisha Watoto Ndege ya Italia

Anza na makaratasi, na anza mapema. Ombi la viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hivyo usinijie wiki mbili kabla ukisema umekosa nafasi ya miadi. Kila mtoto ana fomu yake, hata anayenyonya. Wa chini ya miaka 6 halipi ada, wa 6 hadi 11 hulipiwa euro 45, mtu mzima 90. Bima ya safari isipungue euro 30,000, na hakikisha jina la kila mtoto limo kwenye cheti cha bima. Haya utaambiwa na kila mtu. Linalofuata hakuna aliyeniambia mimi, kwa hivyo hapa tulia kidogo.

Sisi watu wa pwani wengi wetu hatuna jina la ukoo kwenye pasipoti. Tuna jina letu, la baba na la babu. Tuseme mume ni Omar Salim Said. Mwanawe wa kwanza ni Salim Omar Salim. Mke, binti wa mzee Ali Bakari, ni Zuhura Ali Bakari. Kwetu mtu akiyasikia majina hayo anajua papo hapo nani mtoto wa nani, na pengine ataje na mtaa. Mwitaliano anaangalia neno la mwisho tu: Said, Salim, Bakari. Watu watatu, koo tatu. Mama kuwa na jina lake hakumshangazi, maana kule mke akiolewa anabaki na jina la kwao. Kinachomshangaza ni baba na mwana kutofanana. Na baba asipokuwepo, wewe mama unabaki umeshika mkono wa mtoto ambaye hakuna karatasi inayosema ni wako.

Mwaka tuliokwenda sisi, mume wangu alitangulia wiki moja kwa shughuli za kazi. Nikafuata na watoto wawili, wa miaka 4 na wa miezi 14. Barua ya ridhaa ya baba ilikuwepo, imegongwa muhuri na wakili Mombasa, ila ile halisi niliiwasilisha pamoja na ombi la viza na sikubaki hata na kivuli chake. Vyeti vya kuzaliwa navyo vilikuwepo. Viko wapi? Ndani ya sanduku kubwa, chini kabisa, kwenye bahasha ya plastiki visije vikarowa, juu yake nimelaza pakiti tatu za unga wa uji. Nilijiona mjanja kweli.

Tulipofika kule, afisa wa pasipoti akazifungua, akazifunga, akazifungua tena, akamwita mwenzake. Tukawekwa pembeni, kwenye chumba cha viti vya chuma. Huyo mwenzake alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole, na akanieleza kwa furaha kwamba amekuja Malindi mara tatu. Nikasema moyoni alhamdulillahi, yamekwisha. Akachuchumaa mbele ya mwanangu, akaninyooshea kidole, akamuuliza kwa Kiswahili: "Nani?"

Sasa mwanangu amelelewa nyumbani kwa mamangu, pamoja na wadogo zangu. Mamangu, nyumba nzima inamwita mama, basi na yeye anamwita mama. Mimi naitwa dada. Mtoto akanitazama, akamtazama mzee, akajibu kwa sauti nzuri ya madrasa: "Dada."

Na yule bwana, kwa balaa yangu, katika hayo maneno yake kumi ya Kiswahili cha hotelini, dada alikuwa analijua. Uso ukabadilika. Akajaribu tena, polepole: "Mama?" Mwanangu akacheka kama aliyeulizwa swali la kijinga. "Mama yuko Mombasa."

Tulikaa mle saa mbili. Mdogo alimaliza pampasi ya mwisho niliyokuwa nayo mkononi, mkubwa aliomba choo mara tatu, na simu ya baba yao ilikuwa haipatikani kwa sababu alikuwa kwenye treni ya chini ya ardhi anakuja kutupokea. Mwishowe afisa mmoja wa kike akanisindikiza hadi kwenye mkanda wa mizigo. Sanduku letu lilikuwa limebaki peke yake, linazunguka. Nikalifungua palepale sakafuni, unga wa uji huku, nguo za ndani kule, watu wanapita. Vyeti vikaonekana, jina la mama limeandikwa, likalinganishwa na la pasipoti yangu, na kwa dakika tano mambo yakaisha. Yule mzee alimpa mwanangu pipi. Sina kinyongo naye. Siku mtoto wangu atakapokuwa ameshikwa mkono na mtu asiye wake, nitaomba mzee kama huyo awe zamu.

Kwa hivyo: cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, cheti cha ndoa, na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri, nakala halisi mbili, moja ya viza na moja yako. Vyote kwenye mkoba usiotoka begani, na picha zake kwenye simu ya kila mzazi. Na wiki chache kabla ya safari mfanyishe mtoto mazoezi: huyu ni nani yako, jina lake kamili nani. Tuliporudi tulimfundisha wetu, na bibi yake akanuna siku nzima kwamba tumemnyang'anya mtoto.

Pasipoti za wote, hadi ya kitoto kichanga, zitatakiwa tena mkifika mlikopanga kulala, kwa sababu mwenye nyumba analazimika kuwaandikisha wageni kwa polisi. Msishtuke. Miji mingi pia ina kodi ya mgeni kwa kila usiku, na mara nyingi hulipwa palepale mbali na bei ya chumba. Watoto wadogo husamehewa; Roma hawalipi mpaka wafike miaka 10.

Chakula. Mtu atakwambia Italia ni pepo ya watoto, tambi na pizza kila kona. Ni kweli, kwa saa zao. Mikahawa mingi hufunga jiko saa tisa ya mchana hivi, na halifunguliwi mpaka saa moja au moja na nusu usiku. Mtoto wako ataona njaa saa kumi na moja jioni, na utazunguka naye mitaa mitatu ukisoma "chiuso" kwenye kila mlango, viti vimepandishwa juu ya meza. Tafuta palipoandikwa "pizza al taglio". Wanakuwa na sinia refu la pizza, unaonyesha kwa mkono kipande cha kiasi gani, wanakikata, wanakipima kwenye mizani na kukulipisha kwa uzito, na wengi hawafungi mchana. Ukikaa mkahawani, bili mara nyingi itakuja na "coperto", ada ya kukalia meza, ya kila kichwa. Hujaibiwa, ndiyo desturi.

Wasiokula nguruwe wafungue macho, kwa sababu wenzetu hawamhesabu kama jambo la kutajwa. Carbonara na amatriciana zina shavu la nguruwe. Mchuzi wa nyama wa ragù mara nyingi ni ng'ombe na nguruwe pamoja. Mkate wa piadina wa kimila hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Mhudumu mwenye huruma akiona mtoto hali, atamletea prosciutto cotto, paja la nguruwe lililopikwa, kwa upendo kabisa, maana ndicho chakula cha watoto wao. Jifunze maneno mawili, "senza maiale", yaani bila nguruwe, na uyaseme kabla ya kuagiza. Pizza margherita na tambi za pomodoro, yaani za nyanya, ndiyo kimbilio. Kichekesho ni kwamba "peperoni" ambalo kwingine ni jina la soseji kule ni pilipili hoho tu, kuleni. Yenye soseji ya nguruwe ni ile ya "diavola". Mkiwa Roma na mmechoka kuuliza, nendeni soko la Esquilino karibu na Piazza Vittorio. Kuna mabucha ya halali, na mtapata bamia na ndizi za kupika.

Choo nacho kina mambo yake. Kwenye vituo vikubwa vya treni mtalipia, kwa hivyo muwe na sarafu. Mjini njia ya kawaida ni kuingia baa, ambayo kule ni mahali pa kahawa, ununue kahawa ya kusimama kisha uombe "bagno". Beba karatasi na kichupa cha maji, kwa sababu vyoo vya nje havina maji ya kujisafishia. Ndani ya nyumba wala msiwe na wasiwasi. Waitaliano ni wenzetu katika hili, sheria yao ya mwaka 1975 inataka kila nyumba iwe na bidet, kibeseni cha chini cha kujiosha baada ya choo, na kwa kumwosha mtoto hakuna kitu kizuri kama hicho.

Joto la Julai na Agosti usilidharau eti umezaliwa Mombasa. Kwetu kuna upepo wa bahari na mwembe. Roma kuna mawe, yanapata moto kutwa na kukurudishia wewe jioni, na nyuzi 35 ni jambo la kawaida. Tokeni asubuhi, rudini saa sita mchana mlale kama wenyewe wanavyolala, mtoke tena alasiri. Kofia. Chupa tupu ya maji kwa kila mtu, kwani Roma ina mabomba ya chuma barabarani, wanayaita nasoni, zaidi ya 2,000, maji baridi yanatiririka bure mchana na usiku. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji hurukia juu kwenye kitundu, mtoto anakunywa bila kuinama. Wangu waliloa mpaka viatu na hiyo ndiyo kumbukumbu yao ya Roma, Colosseum, lile gofu la uwanja wa kale, hawaikumbuki.

Kama mnaweza kuchagua, epukeni katikati ya Agosti. Tarehe 15 ni Ferragosto, nchi imelala, maduka mengi ya mitaani yamefungwa na wenyewe wako pwani. Mtoto akipata homa siku hiyo mtatafuta dawa kwa tochi. Duka la dawa lina msalaba wa kijani, na likifungwa huwa limebandika mlangoni orodha ya lililo zamu. Nyinyi lakini nendeni na dawa yenu ya homa, kipimajoto, chumvi za kuharisha, na dawa zozote za mtoto zikiwa na karatasi ya daktari. Simu ya dharura ni 112.

Treni ni nzuri na watoto huzipenda. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa ni lazima uigonge kwenye kimashine cha kituoni kabla ya kupanda, la sivyo faini, na kusema hukujua hakusaidii. Angalieni pia neno "sciopero", mgomo. Siku za kazi treni za mikoa hulazimika kutembea hata kukiwa na mgomo, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Pangeni safari ndani ya hizo.

Gari la kukodi, kama lazima: leseni ya kimataifa pamoja na ya kwenu, na kiti cha mtoto mpaka afike sentimita 150. Katikati ya miji kuna maeneo ya ZTL, gari lisilo na kibali haliingii, na anayelinda ni kamera. Hakuna atakayekusimamisha. Barua ya faini itakufikia miezi mingi baadaye, nawe umeshasahau mtaa wenyewe. Ukiingia mara tatu ni faini tatu.

Kigari cha mtoto kiwe chepesi cha kukunja, kwa sababu ya mawe ya barabarani na ngazi. Venezia ina madaraja zaidi ya 400, mengi ya ngazi. Acheni kigari, fungeni mbeleko. Usimwahidi mtoto wa miaka mitano kupanda mnara wa Pisa, chini ya miaka 8 haruhusiwi. Makumbusho ya serikali ni bure kwa wa chini ya miaka 18, lakini Colosseum hata tiketi ya bure ya mtoto inatakiwa kuwekwa mapema pamoja na yako. Makanisani mabega na magoti yafunikwe. Leso mbili, yaani kanga, zinatosha familia nzima.

Mikoba mbele kwenye metro, ile treni ya chini ya ardhi. Andika namba ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu isiyofutika, asubuhi kila siku, na umpige picha kabla ya kutoka mlangoni ili ukiulizwa amevaa nini usibabaike. Pikipiki hupita hata kwenye vichochoro, msimwachie mkono. Wazee watamshika mtoto mashavu bila kuomba ruhusa, hilo mmeshalizoea. Mlango wa balkoni ufungwe. Dawa ya mbu pia, wapo na wanauma mchana. Na adapta za soketi nunueni hukuhuku, plagi yetu ya pini tatu za mraba haiingii popote kule.